Sanduku Mgongoni, Miguu Nyuma ya Mlango

Nyumba ya ngazi za kijani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi yangu, na wale wanangu wawili ninaowajua kwa sauti za simu tu. Hamjambo? Kifua cha yule mdogo kimetulia? Na ule mgongo wako uliokuwa unaulalamikia, umepata dawa au bado unajikaza tu kama kawaida yako? Sisi huku hatujambo kiasi chetu. Mimi nipo, cherehani inalia kutwa, sare za shule zimenijaa mpaka kitandani. Baba naye yupo. Nikisema yupo nina maana yupo kweli, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Kwenye simu unaniuliza baba anaendeleaje, nakujibu anaendelea, tunaagana. Haya ninayotaka kukueleza hayasemeki hivyo.

Tafuta mahali ukae basi, na umwombe wifi akuachie nafasi kidogo. Unanijua, mimi nikianza kusimulia sina breki.

Nianze na kiti. Kiti cha magurudumu ulichotuma kilifika salama, hakina hata mkwaruzo. Uliniuliza kama baba amekifurahia, nikakwambia amekipokea. Ni kweli alikipokea. Alikisukuma mpaka ukutani, akakifunika shuka, akasema, "Nimezaa mtoto, sikuzaa kiti." Kisha akaingia chumbani kwake na kiti kikakaa pale miezi, tukikizunguka kama mgeni aliyesinzia sebuleni. Usininunie mimi, wala usimnunie yeye. Mimi najua walikunyima karatasi za kusafiri mama alipofariki, na najua ulivyolia, maana nilikusikia kwa masikio yangu. Nimemweleza baba mpaka mate yamenikauka. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananiuliza kama chai ipo.

Daktari naye amesema moyo wa baba umechoka. Ngazi apande taratibu, jua kali alikimbie, na asinyanyue kitu kizito. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Nadhani daktari aliposema kitu kizito alikuwa anafikiria ndoo ya maji. Masikini, hakujua nyumba hii ina kamera.

Wasomee wanao kipande hiki, maana wao hawaijui. Babu yenu ana kamera ya mbao ambayo haiingii mfukoni wala kwenye mkoba. Inakaa ndani ya sanduku lenye mikanda miwili ya mabegani, pamoja na mvukuto wake wa ngozi unaokunjuka kama kinanda, lenzi, kioo cha kulengea, makasha bapa ya filamu na kitambaa cheusi cha kujifunika mpiga picha. Ukilibeba sanduku hilo unatembea umeinama kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Halafu kuna miguu yake mitatu ya mbao, yenye ncha za chuma, mzigo mwingine kamili. Bibi yenu aliiita kamera ile mke mwenzangu. Baba akichelewa kula kwa sababu anaisafisha lenzi, mama aliuliza kwa sauti ya kuonewa, "Mke mwenzangu ameshakula, au nimpakulie?"

Wewe unakumbuka utaratibu wao, Msumari. Kila mwaka, tarehe waliyooana, walikuwa wanapanda yale machimbo ya kokoto yaliyoachwa, baba na sanduku, mama na miguu. Hakuna aliyegusa mzigo wa mwenzake. Na kamera ilikuwa haiwekwi chini hata siku moja. Wakichoka, baba alikaa akalipakata sanduku, mama akaiegemeza miguu begani kwake, wakapumzika hivyo hivyo wamebeba. Mama alinung'unika njia nzima kwamba ameolewa ili ambebee mke mwenzake miguu, lakini mwaka mmoja mimi nilipotaka kumpokea alinitolea macho mpaka nikarudi nyuma.

Nadhani ile hadithi ya mwanzo unaijua nusu nusu, maana kila walipoisimulia walikatizana. Baba alikuwa ameajiriwa kupiga picha miamba kwa ajili ya wahandisi. Mama alikuwa anauza chai kwa wapasua mawe, na siku hiyo alikuwa amekaa kwenye lile jiwe bapa anapumzika. Baba akamwomba asogee, anaiharibu picha ya mwamba. Mama akamjibu mwamba ndio usogee, yeye amechoka. Basi baba akampiga picha hapo hapo na mwamba wake. Walipoanza kurudi kila mwaka, mama alichoshwa na baba kuhamahama akitafuta pa kusimamisha kamera, akaazima tindo kwa mpasua mawe mmoja, akachimba vishimo vitatu, kila mguu na chake. Tangu hapo picha zote zimepigwa kutoka mahali pamoja. Ukizipanga unamwona mama anazeeka, jiwe limekaa vile vile.

Mwaka jana tarehe ilifika tukiwa bado tuna maturubai ya msiba nje. Baba alikaa siku nzima sebuleni amelipakata sanduku.

Mwaka huu alinifuata mwenyewe kwenye cherehani. Akasema tarehe inakaribia, na filamu imebaki kipande kimoja tu. Unajua filamu za ukubwa ule madukani hawaleti tena. Akasema, "Nataka nikalipige lile jiwe. Jiwe tupu. Nikishalipiga nitakuwa nimemaliza."

Mdogo wangu, niliingiwa na baridi. Mtu aliyekaa mwaka mzima hataki kula, hataki kutoka, hata redio hataki, akikwambia atakuwa amemaliza, humwulizi amemaliza nini. Nilitamani kukataa. Nilitamani nilifiche sanduku uvunguni, niseme daktari amekataza. Lakini nilimtazama usoni nikaona ni mara ya kwanza tangu msiba anataka kitu, chochote. Nikamwuliza atalibebaje. Akasema atalibeba kama anavyolibeba siku zote. Nikasema basi nitalibeba mimi. Akaniambia mimi natembea kama nimeitwa, nitalitikisa mpaka lenzi ilegee. Na miguu je? Miguu ilikuwa nyuma ya mlango, pale pale mama alipoiegemeza mara ya mwisho, na ole wako uiguse hata kwa kufagia.

Tukanuniana siku kadhaa. Asubuhi moja naamka nakuta shuka limekunjwa vizuri juu ya meza, na baba anakizungukazunguka kile kiti chako, anabonyeza pa kukalia, anayazungusha magurudumu. Bila kunitazama akasema, "Huyu ndiye atakayepanda hiki." Nikajua anamsema nani. Kamera ilikuwa imepata usafiri.

Basi kiti chako kikapelekwa kwa Spoki, yule fundi baiskeli wa pale kona, unamkumbuka, domo lake halijapungua. Spoki akakifunga breki za baiskeli kwenye mishikio, maana kule ni mlima, na akamwuliza baba kama abiria wake atahitaji mkanda. Baba akasema ndiyo, bila kucheka. Mkanda nikaushona mimi, ule ule mgumu ninaotumia kwenye mabegi ya wanafunzi, na mto nikaushona kwa mabaki ya sare. Ungekiona kiti chako! Sanduku limekaa wima kifuani kwa kiti kama bibi harusi, limefungwa mkanda, miguu, aliyoitoa baba mwenyewe nyuma ya mlango, imelala kwenye magoti ya kiti na kitambaa cheusi juu yake. Wapita njia walikuwa wanatupisha na kuinamisha vichwa. Walidhani tumebeba mtu.

Baba alikataa nisukume. Alishika mishikio mwenyewe, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho daktari na vidonge vyake hakuweza kukileta: baba anatembea. Yule yule ambaye kutoka kitandani mpaka bafuni anashika ukuta, alikuwa anaegemea kiti na kiti kinampeleka. Tukapita nyuma ya kiwanda, tukavuka reli, tukaishika ile barabara ya zamani ya malori. Penye mashimo alipunguza mwendo, akalisemesha sanduku kwa sauti ya chini, pole, pole mama. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba chupa ya maji na roho yangu juu juu. Tulipumzika mara nyingi. Kila tukisimama alikaa juu ya jiwe na mkono mmoja ameuacha kwenye sanduku.

Pabaya palikuwa pale barabara inapoishia. Unakumbuka zile ngazi walizochonga wapasua mawe, za kupandia ukingoni? Kiti hakipandi pale hata ukikibembeleza. Mimi nilikuwa nalijua hilo njia nzima, na yeye alilijua, na hakuna aliyelisema. Baba akafungua mkanda. Akageuka, akachuchumaa mgongo kwa sanduku, akaingiza mikono kwenye mikanda kama alivyofanya maisha yake yote. Akajivuta. Sanduku halikuinuka. Akajivuta tena, nikaona mishipa ya shingo imemtoka na midomo imebadilika rangi. Nikasema, "Baba, tafadhali." Hakunisikia. Mara ya tatu miguu yake mwenyewe ilimlegea akakaa chini, kwenye changarawe, na mikanda bado iko mabegani.

Sijawahi kumwona baba amekaa chini vile. Nilitaka kulia nikajizuia, maana ningelia yeye angelazimika kunibembeleza. Nikachuchumaa mbele yake. Mwishowe akatoa mkono mmoja, kisha wa pili, akasema, "Usikimbie. Usiruke. Ukitaka kuanguka, anguka kifudifudi." Hayo ndiyo maneno aliyonirithisha, Msumari. Akanivalisha mikanda mwenyewe, akaikaza, akapitisha kidole chini ya kila mmoja kuona kama unanibana. Ni zito, ndugu yangu. Nimebeba magunia ya vitambaa maisha yangu yote, nimekubeba wewe ukiwa na matege yako, lakini ule uzito ni mwingine, unakuvuta nyuma kama mtu anayekwambia ngoja kwanza.

Nikafikiri nitarudi kuchukua miguu. Nageuka namwona ameshaishika. Ameisimamisha, ncha za chuma chini, ameiegemea kwa mikono yote miwili, na anapanda. Ile miguu ya mama ndiyo iliyompandisha baba ngazi. Ngazi moja, anapumua. Ngazi nyingine, anapumua. Nilimsikia nyuma yangu njia nzima, chuma kinagonga jiwe, na sikuthubutu kugeuka kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisilitikise.

Vishimo vitatu vipo. Vilikuwa vimejaa mchanga na maji ya mvua. Baba akavisafisha kwa kidole, kimoja kimoja, akaiweka miguu, ikaingia. Akaifunga kamera juu yake, akauvuta mvukuto, akajifunika kitambaa cheusi. Akakaa humo muda. Kisha akatoa kichwa, akasema haoni. Jiwe tupu, na jicho lake lile, hajui pa kulenga. Kila kitu kwenye kioo ni ukungu. Alikuwa amezoea kulenga macho ya mama. Akaniomba nikae pale kwenye jiwe mpaka apate, na akitoka kwenye kitambaa tu mimi niondoke.

Nikaenda kukaa. Katikati sikuweza, pale ni pake. Nikakaa pembeni, nusu jiwe, mtandio umenipinda, jasho linanichuruzika. Nikamwona baba kwa mbali hana kichwa, ana kitambaa tu, na mikono inapapasa lenzi. Nikawaza kwamba ndani ya kile kioo nimepinduka, kichwa chini miguu juu, kama kamera ile inavyomwonyesha kila mtu. Akatoka. Nikajiandaa kusimama. Basi akainua kiganja, hivi, taratibu, kama anapapasa hewa. Msumari, unakijua kile kiganja. Ndivyo alivyomtuliza mama kila mwaka. Nami nikatulia, sijui kwa nini, mwili ulitii wenyewe. Akaingiza kasha la filamu, akachomoa kifuniko chake, akashika ule waya wa kubonyezea, akabonyeza.

Halafu akabaki amesimama na kifuniko mkononi. Alinitazama mimi, akaitazama kamera, akanitazama tena. Filamu moja, ile ya mwisho, na jiwe halikuwa tupu.

Nilipiga magoti pale pale, nikaanza kuomba msamaha, nikasema ningeondoka, nimeona kiganja, baba nisamehe, nimekuharibia. Akaja akakaa karibu yangu, pale katikati, akiwa anahema. Akasema, "Mkono umezoea kukuta mtu hapa." Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, mdomo wazi, vile ambavyo hakulia hata siku tuliyomzika mama, na mimi nikalia naye, na hakukuwa na mtu wa kutuona isipokuwa mke mwenza wa mama, amesimama kwenye vishimo vyake vitatu. Sikumwuliza kama amemaliza. Tulipotulia yeye mwenyewe aliniuliza kama nimebeba chochote cha kula. Nikampa mkate. Akaula wote, na wangu pia.

Kushuka, baba alishuka ngazi na miguu yake ile ya mbao, mimi na sanduku. Tulipofika kwenye kiti nikageuka mgongo ili tulipakie. Baba akanipita. Akakikung'uta kiti vumbi, akageuka, akakaa. Akailaza miguu mapajani mwake, akajifunga mkanda nilioishonea kamera, akanitazama kama anayengoja gari liondoke. Basi nikashika mishikio, kamera mgongoni, baba mbele, breki za Spoki zinalia mteremko mzima, na sikulitikisa sanduku hata kidogo. Tulipofika kwenye reli akasema kiti kinakwenda vizuri. Nikasema nitamwambia aliyekituma.

Filamu ameiosha mwenyewe mle bafuni, amejifungia, mimi mlangoni nasikiliza kama anapumua. Amechapa picha mbili, moja nimekuwekea humu ndani ya bahasha, ishike pembeni. Nimetoka vibaya, najijua, mdomo nimeuacha wazi. Lakini tazama kulia kwangu ile nusu ya jiwe iliyobaki tupu. Baba ameitazama sana, akasema inatosha. Ile nyingine ameitundika ukutani mwisho wa mstari, baada ya zile za mama, na anaamka kila siku kuinyoosha wakati haijapinda. Anakula. Jana amewasha redio.

Sasa jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niache sare za watu nikaandike. Jioni ile aliniambia sanduku ni langu, nilitunze chumbani kwangu. Nikaona basi nichukue na miguu, vikae pamoja. Alikuwa ameshaifuta ncha na kuirudisha nyuma ya mlango. Akasema, "Hiyo iache. Ina mwenyewe." Nikamwambia ndiyo baba, najua, ni ya mama. Akatikisa kichwa. Akasema, "Sanduku ni lako. Miguu ni ya yule aliyeniletea kiti. Mwambie aje aichukue mwenyewe. Haitumwi kwa posta."

Kisha akalitaja jina lako. Si Msumari. Jina lako lenyewe, lile alilokupa.

Wifi mpe mkono wangu, na hao wanangu wabusu wote wawili, umwambie yule mdogo shangazi ana mto wa vitambaa unaomngojea. Shangazi yetu mkubwa anakusalimu, magoti bado yanamsumbua ila ulimi ni mzima. Mjomba anakusalimu. Spoki anasema kiti kikiharibika ni kosa lako, kikienda vizuri ni breki zake. Baba hakusema nikusalimie. Alisimama nyuma yangu nilipokuwa naandika, akauliza barua huchukua siku ngapi kufika.

Mungu akufungulie hiyo milango ya karatasi, akuongoze njiani, akukutanishe na baba yako akiwa bado anaweza kukugombeza.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni kabla sijabeba kamera, nikupendaye siku zote,

Dada yako.